Mlango Usio na Kitasa kwa Ndani

Mchana kweupe, jua linawaka mpaka lami inanata kwenye viatu, Mgeni alikuwa anakufa kwa baridi. Ndiyo, baridi. Ukimsimulia mtu anaona unamzuga, lakini ndivyo ilivyokuwa, na aliyekuwa naye ndani ya hiyo baridi alikuwa Kipara, mtu wa mwisho duniani ambaye angechagua kufungiwa naye.

Tuanze na mlango, maana bila huo mlango hakuna kisa.

Ghala la nyama walilofanyia kazi lilikuwa na friza moja kubwa, chumba kizima, kuta nene kama za gereza, ng'ombe wamening'inia kwenye kulabu safu kwa safu. Mlango wake wa chuma zamani ulikuwa na vitasa viwili, cha nje na cha ndani. Cha ndani kikavunjika. Tajiri akaambiwa, akasema fundi anakuja. Huyo fundi mpaka leo yuko njiani. Kwa hiyo wafanyakazi wakajitungia sheria yao wenyewe: ukiingia friza, unavua aproni, unaitundika kwenye msumari ulio kando ya mlango. Aproni ikiwa msumarini maana yake ndani kuna mtu, hakuna kufunga mlango, hakuna kwenda nyumbani. Hata nyapara, ambaye hakuwa anasikia la mtu, ule msumari aliuheshimu.

Na Mgeni je? Hilo ni jina la kazini. Alizaliwa mji huo huo, mama yake pia, na bibi yake ndiye aliyeletwa akiwa bado anabebwa mgongoni. Lakini nywele zake zinalala na ngozi yake ina rangi ya bahasha ya kaki. Siku ya kwanza alipokuja kuomba kazi, Kipara alimtazama juu chini akasema, "Karibu, mgeni," watu wakacheka, ikawa imeisha. Miaka yote hakuitwa kingine.

Kipara ndiye aliyekuwa mchekeshaji wa pale. Kichwa kinang'aa, mdomo haufungi, anakata nyama huku anakata na watu. Hana roho mbaya. Hata Mgeni mwenyewe angekwambia hivyo.

Siku hiyo redio ilikuwa inaropoka tangu asubuhi. Mheshimiwa mmoja alikuwa amehutubia uwanjani jana yake, akasema kila kitu kirudi mikononi mwa wenye nchi. Hakusema kirudi vipi. Vijana wake, wanaojiita Wenyewe, wale wa kitambaa cha kijani mkononi, wao walijua vipi. Kufika mchana maduka ya ng'ambo ya reli, wanakoishi watu wa akina Mgeni, yalikuwa yanafuka moshi, na pale ghalani kila mtu anakata nyama huku sikio liko getini.

"Wewe usiwe na wasiwasi," Kipara akamwambia. "Wanatafuta wale wabaya. Wewe tunakujua."

"Wabaya wepi?"

"Wale bwana. Wanaojazana. Wewe si kama wale."

"Mama yangu ni kama wale?"

"Aa, mama ni mama. Usiniletee siasa kwenye nyama."

Hakumaliza hata kufuta kisu, geti likaanguka. Kelele, filimbi, vioo. Nyapara akawa wa kwanza kuruka ukuta wa nyuma, na kitambi chake chote, hakuna aliyejua kama mzee anaweza kuruka vile. Wengine wakamfuata. Mgeni alibaki ameganda, kisu bado mkononi. Huko nje watu wa kitambaa wameshajaa uani, na ukuta wa nyuma unaonekana na kila mtu.

Kipara akamdaka shati. "Friza! Ingia friza, nitakuja kukufungulia!"

Mgeni akachomeka kisu kwenye ala kiunoni, akakimbia. Hapo sasa ndipo mkono wake ulipofanya ujinga. Mkono umezoea. Akavua aproni, akaitundika msumarini, vizuri kabisa, kama mtu anayekwenda kuchukua paja la mteja. Halafu akaingia, akasimama katikati chini ya taa kama anasubiri kupigwa picha.

"Nyuma ya ng'ombe, wewe! Nyuma!" Kipara akaingia hatua kumsukuma, mguu mmoja umezuia mlango. Akageuka atoke. Akaiona aproni inaning'inia pale nje, inamtangazia kila mwenye macho kwamba humu ndani yumo mtu. Akajinyoosha kuinyakua. Akaipata. Ila mguu ulikuwa umeachia, na ule mlango ukiuachia unajifunga.

Ndi!

Wakatazamana. Kipara kashika aproni kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

"Kitasa," Mgeni akasema.

"Kitasa gani? Unajua hakuna kitasa."

"Kwa nini umeachia mguu?"

"Na wewe kwa nini umetundika aproni? Mtu anakimbia kuuawa anatundika aproni! Ningekuwa mimi ningekufa nayo shingoni."

"Ni mazoea."

"Mazoea yatatumaliza, ndugu yangu."

Makoti mazito yalikuwa kwenye kabati la nyapara, na ufunguo ulikuwa umeruka ukuta pamoja na nyapara. Wao wana mashati tu, na jasho la mchana limeanza kugeuka barafu mgongoni. Feni ya friza inaunguruma juu, unapiga kelele sauti haitoki hata nje ya kizingiti.

Lakini ukiupiga ule mlango kwa ngumi, nje inasikika. Hilo wote wawili walilijua. Hakuna aliyelisema. Kipara akigonga, atafunguliwa, atapigwa mgongoni, pole kaka. Mgeni akifunguliwa, haendi popote. Na Kipara asipogonga, baridi ile haiulizi mtu kwao ni wapi, inawabeba wote.

Mgeni akasogea taratibu, akauegemea mlango. Chuma kikamchoma mgongo kama moto.

"Mbona umesimama hapo?" Kipara akauliza.

"Nimepumzika."

"Unanilindia mlango."

"Kwani unataka kwenda wapi?"

Kipara akatingisha kichwa, akaanza kurukaruka palepale, mikono mifukoni. Alipoitoa mikono aipulizie pumzi, kikadondoka kitu sakafuni. Kitambaa cha kijani, kimekunjwa vizuri.

Mgeni akakitazama. "Hicho nini?"

"Kitambaa."

"Naona ni kitambaa."

"Mtaani kwetu wamegawa kila nyumba. Usipochukua wanakuuliza una nini. Nikachukua. Umewahi kuniona nimekivaa?"

"Umekuja nacho kazini."

"Si kiko mfukoni! Watu wanatembea na mengi mfukoni!" Akakiokota, akakipiga kwenye paja kama kinamtia aibu. "Sasa naona unataka kusema mimi mbaguzi."

"Sijasema."

"Unasema kwa macho. Mimi! Niliyekula na wewe sahani moja? Niliyekuja msibani kwa bibi yako? Jeneza nilibeba mimi, kwa bega hili."

"Ulibeba. Na njiani ukasema leo Wageni mmepungua mmoja."

"Watu walicheka!"

"Na mimi nilicheka."

"Sasa si umeona?"

Mgeni alikuwa anajaribu kukumbuka lini aliwahi kucheka kwa sababu kitu kinachekesha. Lazima ipo siku moja. Kipara ana vichekesho vizuri, hasa vya mkewe.

"Jina langu unalijua?" akauliza.

"Nalijua. Ni gumu tu."

"Lina silabi tatu."

"Hizo tatu ndizo ngumu."

"Lako lina tano na huwa nalitaja lote, na la baba yako juu."

"Hapa unataka kugombana au unataka kuishi?" Kipara akamtupia upande mmoja wa aproni. "Njoo huku. Shika. Ukifa wewe nabaki naongea na ng'ombe."

Wakajifunika aproni moja, bega kwa bega, wanatembea kutoka mlangoni mpaka ukutani na kurudi. Wanakanyaga kwa nguvu miguu isife ganzi. Kila wakifika mlangoni, Mgeni anajibana upande wa mlango. Kipara anaona, anamwachia. Nyusi za Kipara zikaanza kuota barafu, akawa kama babu yake mwenyewe. Muda ukapita. Vidole vya Mgeni viliuma, halafu vikaacha kuuma, na kuacha kuuma ndiko kulikomtisha.

Mara umeme ukakatika.

Taa ikazima, feni ikajikokota, ikanyamaza. Giza la kukuingia machoni. Na kumbe ile feni ndiyo iliyokuwa ukuta wao. Sasa wakasikia kila kitu: meza inaburutwa, mtu anacheka, mwingine anasema mizani ni yangu mimi, nimeiona mwanzo. Na sauti moja ikatulia juu ya zote, sauti ambayo wote wawili waliitambua. Alikuwa mpakizi pale pale ghalani, akafukuzwa kwa kulala kwenye lori la nyama. Sasa ana filimbi na wanamwita Kamanda.

"Humo kwenye friza je?" mtu akamuuliza.

"Msumari mtupu," Kamanda akasema. "Hakuna mtu humo. Nyama tutachukua gari likija."

Mgeni akafumba macho, ingawa giza ni lile lile. Aproni ile ilikuwa begani mwake. Ingekuwa msumarini wangeshakuwa ndani zamani.

Gari halikuja. Halikuja, halikuja. Kipara akaanza kupumua vibaya, pumzi fupi fupi.

"Sivisikii vidole," akanong'ona. "Bwana wee. Nina watoto wawili."

"Najua."

"Nikigonga nitawaambia uko na mimi. Nitawaambia wewe si kama wale."

"Watakusikiliza?"

Mgeni akausikia mkono wa Kipara unapapasa chuma pembeni ya sikio lake, unatafuta pa kugonga. Haukugonga. Uliweka tu kifundo cha kidole pale, ukasubiri. Na mkono wa Mgeni, ule ule wenye mazoea yake, ukashuka kiunoni. Kifungo cha ala kikalia, tap.

Hakuna mkata nyama asiyeijua sauti hiyo.

"Hiyo ni ala ya kisu," Kipara akasema.

Mkono wa Mgeni ukabaki pale pale kiunoni.

"Ungenichoma? Mimi?"

"Vidole havikunji," Mgeni akasema. Hilo ndilo jibu alilokuwa nalo, na lilikuwa la kweli.

Kipara akavuta pumzi ndefu. "Basi," akasema polepole. "Kumbe kweli ndivyo mlivyo."

"Sisi akina nani?"

Nje pikapu ilikuwa inarudi nyuma uani, watu wanaielekeza, njoo, njoo, kata kulia. Viatu vikaja hadi mlangoni. Kitasa cha nje kikaanza kulia kwa kutu.

Na hapo Kipara akafanya kitu ambacho pengine hata yeye hakukipanga. Akaukamata mkono wa Mgeni gizani, akapitisha kitambaa juu ya kiwiko, akafunga kwa lile fundo la kufungia paja la ng'ombe, mara moja, krap, kama alivyofunga maelfu. "Nyamaza," akasema. "Nikiongea, wewe cheka."

Mlango ukafunguka. Joto likawapiga usoni kama taulo la moto, na mwanga nao. Kamanda kasimama, filimbi shingoni, nyuma yake watu kama kumi, mapanga na mizani ya dukani.

"Kipara! Unafanya nini humo?" Halafu akaona. "Na huyo?"

"Huyu?" Kipara akacheka kwa midomo iliyokuwa ya buluu. "Huyu nimemleta ahifadhiwe. Si unajua Wageni jua likizidi wanaharibika?"

Hakuna aliyecheka. Wote wakamgeukia Mgeni wamwone yeye.

"Cheka," Kipara akasema kwa chini, bila kufungua meno.

Mgeni akajaribu. Taya halikufunguka. Limeganda kama mlango ule. Akavuta nguvu zake zote, na kilichotoka ni meno kugongana tu, kakakaka, na mabega yanatetemeka, na machozi ya mwanga yanamshuka.

"Anacheka au analia?" mtu akauliza.

"Anacheka," Kipara akasema. "Ndivyo wanavyocheka hawa. Kwao cheko na kilio wanalipia bei moja."

Kamanda akaanza, halafu wote. Wakacheka mpaka mmoja akaegemea mizani. Mgeni akatetemeka, wakaona anacheka zaidi, wakacheka zaidi. Kamanda akamsogelea, akashika kile kitambaa kwa vidole viwili kama fundi cherehani anayepima kitu. "Namkumbuka huyu," akawaambia wenzake. "Aliwahi kunipa maji. Mtu mzuri. Laiti wote wangekuwa kama huyu, nani angekuwa na shida nao?" Akampiga begani. "Haya, Mwenyewe mpya. Beba nyama."

Akabeba. Paja baada ya paja, kutoka friza hadi kwenye pikapu, jua linamrudishia vidole kimoja kimoja, na kila kinachorudi kinakuja na maumivu yake. Damu ya barafu inayeyuka na kumshuka shatini. Pikapu ilipojaa Kamanda akapiga filimbi, wakaondoka wakiimba, na wale wawili wakabaki barabarani kama abiria walioshushwa.

Wakatembea. Wakafika kwenye kona ya duka la vioo, ambako vioo sasa vilikuwa barabarani. Kipara anakwenda kushoto, Mgeni anakwenda kulia, kuelekea reli.

"Umeona?" Kipara akasema, rangi imeshamrudia. "Ukiwachekesha ni watu tu kama watu. Tatizo lenu mnachukulia mambo kwa uzito." Akanyoosha mkono. "Haya, nipe kitambaa changu."

Mgeni akamtazama.

"Kule mbele kwetu kuna kizuizi," Kipara akasema. "Wataniuliza kiko wapi."

"Watakuuliza," Mgeni akasema. "Mimi hawataniuliza."

"Sasa nifanyeje?"

"Una sura. Hiyo sura yako inakutosha."

Kipara akacheka, halafu akaona mwenzake hacheki, akaacha. Akatazama kushoto, kule kwenye mtaa wake mwenyewe aliozaliwa, kama mtu anayeambiwa avuke mto usiku. "Nimekuokoa," akasema.

"Umeniokoa," Mgeni akakubali. "Asante." Na alimaanisha. Akageuka akaenda nacho.

Kwenye reli kizuizi cha Wenyewe kilikuwa cha meza za shule na matairi. Wakaona kitambaa, halafu wakaona shati lake, damu kuanzia shingoni mpaka kiunoni. Hawakuuliza ni damu ya nani. Mmoja akamtolea dole gumba. "Kazi nzuri, kaka," akasema, akampisha.

Ng'ambo ya reli barabara ilikuwa tupu. Kule mwisho, nyuma ya mkokoteni ulioungua, vichwa vinachungulia, na vichwa hivyo vina nywele zinazolala kama zake. Vijana wa mtaani kwake. Wameshika mawe.

Akaanza kufungua kitambaa. Lakini lile ni fundo la nyama, ukivuta linakaza. Akavuta, likakaza. Kisu hakuwa nacho tena, Kamanda alikipenda akakichukua. Jiwe la kwanza likapita pembeni ya goti lake.

"Ni mimi!" akapiga kelele, na safari hii taya likafunguka. "Mtoto wa Mama Mshonaji! Msirushe!"

"Mtoto wa Mama Mshonaji havai uchafu huo!"

"Nimefungwa! Njooni mnifungue!"

Wakabishana kule nyuma. Halafu akatoka mmoja, anakuja mbio ameinama, jiwe bado mkononi. Mdogo wake. Akasimama mbali kidogo na kaka yake, akatazama shati, akatazama kitambaa, kama mtu anayemkagua maiti ajue ni wa nani.

"Ni ng'ombe," Mgeni akasema. "Damu ya ng'ombe. Nilifungiwa friza."

"Nani amekufunga hicho?"

"Mwenzangu wa kazini."

"Rafiki yako au adui yako?"

Mgeni akamsogezea mkono. "Fungua kwanza," akasema.

Mdogo wake akatupa jiwe, akashika fundo, likamshinda, akainama akaling'ata kwa meno. Kwenye reli filimbi ikalia. Wameona.

"Haraka. Mama yuko ndani?"

Mdogo wake akaacha kung'ata. Uzi wa kijani umemning'inia mdomoni. "Kwani hamkukutana?"

"Kukutana wapi?"

"Amekufuata kazini. Watu wote wamerudi wewe hujarudi, akasema hakai. Tulimzuia mlangoni akatupiga. Amepita njia ya nyuma, ile ya mtaroni, akidhani na wewe utarudi kwa huko."

Mgeni akageuka akatazama reli. Matairi, meza za shule, na yule wa dole gumba anamwita mwenzake aje aone. Fundo lilikuwa limelegea. Mvuto mmoja tu wa meno na mkono ungekuwa huru.

"Kaka?" mdogo wake akasema.

"Kaza," Mgeni akasema, akamrudishia mkono. "Kaza vizuri. Na uniambie amevaa nguo gani."